Maneno Niliyomtia Mbuzi Kinywani

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Ijumaa alasiri, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka tu. Maneno ambayo baba atayasimamia kesho mbele ya kanisa zima hayamo kwenye ile filamu. Hayakuwahi kuwamo. Niliyatunga mimi.

Sasa nimeshaliandika, ngoja nirudi kwenye adabu. Shikamoo Shangazi. Mgongo wako unaendeleaje tangu wakubadilishie kazi pale kiwandani? Bado wanakusimamisha kutwa nzima, au siku hizi unapata kiti? Anko Dereva amerudi salama kutoka safari ile ndefu? Na mapacha, bado wanagombania upande wa kitanda ulio karibu na dirisha? Nawakumbuka sana, hata vile walivyonificha viatu.

Sisi huku tu wazima. Mama anachoka na zamu za usiku za wodi ya watoto, lakini akilala mchana anaamka na utani wake wote. Mdogo wangu Kifutio ameng'oka meno ya mbele na sasa anatabasamu kwa kila mgeni ili aulizwe. Lile jina halijamwacha, kwa sababu bado anafuta madaftari mpaka karatasi inatoboka. Baba ni mzima kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Sijawahi kumwona baba mzima namna hii.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya nyumbani hukaa mezani na haina siri. Isitoshe, unanijua. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kimya. Kwenye simu ningesema "sijambo" na "asante" mpaka salio likaisha. Kwa hiyo nimejifungia huku chumbani, naandikia juu ya friza bovu ambalo baba alilileta lisubiri vipuri, nalo limegeuka kuwa meza yangu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Korido imejaa mafriji ya wateja pande zote mbili, ukitaka kupita unajibana kwa ubavu. Zamani sikuona kwamba nyumba yetu ni finyu. Wiki hii naona.

Nikueleze tangu mwanzo, maana ulipotutembelea mara ya mwisho televisheni yetu ilikuwa ya taarifa ya habari tu. Siku moja Kifutio alirudi kutoka kwa jirani, akapanda juu ya kochi na kijiti mkononi, akatangaza kwamba yeye ni mchawi mwema. Mama alicheka. Baba hakucheka. Jioni ile wawili hao walikaa jikoni muda mrefu, wakazungumza kwa sauti ya chini, na walipotoka walikuwa wamekubaliana kwamba katuni hatutakatazwa, ila tutaziangalia wote pamoja na tutazizungumza. Baba alisema mtoto ukimkataza ataangalia kwa jirani, na kwa jirani hakuna wa kumuuliza maswali.

Basi, kila Jumamosi tukishamaliza usafi tunakaa sebuleni. Taa inawashwa hata kama jua linawaka, kwa sababu baba anasema picha za gizani ni za watu wenye la kuficha. Mama anaomba kwa kifupi. Baba anashika rimoti, dole gumba juu ya kitufe cha kusimamisha, kama dereva asiyeamini breki zake. Anasimamisha anapotaka, kisha anauliza maswali yake yale yale ya kila wiki. Nani hapa amesema kweli? Nani amempenda mwenzake? Na Mungu yuko wapi hapa, ingawa hawajamtaja?

Usidhani ni mahubiri, Shangazi. Mimi nilidhani hivyo, nikajiandaa kusinzia. Lakini ni saa ambayo watu wa nyumba hii wanazungumza kweli. Kuna siku malkia mmoja wa katuni alimsamehe dada yake aliyemwibia ufalme, baba akamuuliza mama kama yeye angeweza. Mama akasema, "Mimi nimesamehe wengi, ila siwarudishii funguo." Baba alicheka mpaka akavua miwani. Siku nyingine Kifutio aliuliza kama joka likifa linakwenda mbinguni. Baba akamjibu kwamba lile limechorwa tu, atakayeulizwa ni aliyelichora. Kifutio akasema, "Sasa sisi aliyetuchora anaulizwa na nani?" Mama alikuwa tayari kumtuma maji ili swali lipite. Baba akasema, "Mwache. Swali lake ni zuri kuliko yangu." Wakazungumza mpaka filamu ikasahaulika.

Tatizo lilikuwa lugha. Filamu zote anazotuwekea mwenye duka la filamu kwenye flashi ni za Kiingereza. Kiingereza cha baba ni kile cha mgongoni mwa friji: hatari, umeme, usifungue. Cha mama ni cha hospitali. Anayajua magonjwa yote kwa majina yao, lakini simba akimtania sungura haambulii kitu. Kifutio wakati ule alikuwa bado anaimba alfabeti. Nikabaki mimi, ninayesoma kwa Kiingereza shuleni na kuishi kwa Kiswahili nyumbani. Mimi ambaye mwalimu akiniita nasimama, na sauti inabaki kwenye kiti.

Kwa hiyo nikapewa kigoda kando ya televisheni, nikawa nageuza maneno. Na ajabu ni kwamba sauti ilitoka. Kwa sababu walikuwa wanatazama picha, hawanitazami mimi, nikaweza kuwa simba, nikaweza kuwa mama wa simba, nikapiga hata kelele. Nyumbani kwetu kicheko huja kwa kuchelewa. Wanyama wanacheka kwanza, kisha nacheka mimi, nageuza, ndipo mama na baba wanafuata. Baba akaanza kuniita Mkalimani wangu. Nilipenda, Shangazi. Sikuwahi kuwa na kazi ninayoitiwa.

Uongo wa kwanza niliusema kwa ajili ya Kifutio. Baba alikuwa na sheria kwamba pakitokea mizimu, televisheni inazimwa, na mwezi ule zilikuwa zimeshazimwa filamu kadhaa katikati, Kifutio akilala kwa kwikwi. Jumamosi hiyo ilikuwa filamu ya fisi maji aliyepotea mtoni. Ghafla bibi yake aliyekufa akatokea kwenye ukungu, anang'aa, anamwelekeza njia. Nikaona dole gumba la baba linapanda. Nikamtazama Kifutio, ameshika magoti yake kama mtu anayesubiri sindano. Nikasema haraka, "Usiogope, mimi ni malaika, nimetumwa kwako." Dole likashuka. Baba akasema taratibu, "Mnaona? Hata hawa wanajua." Na tukaangalia mpaka mwisho.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa nalala vizuri.

La mbuzi lilikuwa jambo jingine. Nadhani hukusikia kwamba nilipangiwa kusoma somo kanisani siku ya vijana. Nilisimama mbele, nikafungua Biblia, nikaona nyuso, na hakuna kitu kilichotoka. Hata pumzi. Nilisimama pale mpaka mama alipokuja kunishika mkono. Baba hakunigombeza. Alitutangulia kwenda nyumbani, na baada ya hapo hakusema nami. Wewe unakijua kimya cha baba, umekua nacho nyumba moja. Hakina hasira ya kuonekana. Anakula, anashukuru, anapita pembeni yako kwenye korido kama anavyopita pembeni ya friji la mteja. Jumamosi ilipofika, siku zile zote nilikuwa sijasikia jina langu kutoka kwake.

Filamu ilikuwa ya mbuzi wa milimani. Mbuzi baba ni kiongozi wa njia, anawavusha wengine magenge. Mwanawe anamfuata nyuma. Wakafika kwenye daraja la kamba, mbuzi mdogo akasimama akamwambia baba yake jambo. Kwa Kiingereza alisema kwamba daraja limeoza, afadhali wazunguke upande wa pili. Hilo tu. Lakini alilisema kwa uso wa huzuni, kichwa chini, na masikio yake yamelala. Mimi nikafungua mdomo nikasema, "Baba, ukinyamaza mimi hudhani umeacha kunipenda. Afadhali unigombeze."

Mbuzi baba akajibu kwamba hakuna muda, twende. Hilo nililigeuza sawasawa, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa maneno yangu.

Baba akasimamisha filamu. Nilisikia mafriji ya koridoni yakinguruma, yale yanayofanya kazi. Alisema, "Mtoto anasema hivyo, na yeye anajibu twende?" Akaanza maswali yake. Alifika la tatu, la Mungu yuko wapi hapa, hakulimaliza. Alinyanyuka akaenda uani, tukamsikia akigongagonga bati ambalo halikuwa na kosa lolote. Kesho yake asubuhi aliniwekea chai mbele yangu yeye mwenyewe, akasema akiangalia sukari, "Sijakukasirikia. Sikujua niseme nini, ndiyo maana." Kisha akatoka kwenda kazini.

Shangazi, nilikunywa ile chai ikiwa imepoa kabisa, sikutaka iishe.

Ndipo nikanogewa. Sikufanya kila wiki, lakini nilifanya. Konokono mmoja alisema kwamba na mama naye huchoka, baba akaanza kuosha vyombo siku za Jumamosi. Ndege mmoja mzee alisema ni aibu kumpiga mtoto kwa kosa ambalo hukumwelekeza kwanza, na ule waya uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango ukaondoka. Kila kitu nilichoshindwa kusema mezani nilimpa mnyama akiseme. Na baba aliwasikiliza. Anawaheshimu wanyama wale. Anadhani watu wa mbali, wasiotujua, waliandika maneno yanayolingana na nyumba yetu, na hiyo kwake ikawa ni alama kwamba Mungu anasema hata pale ambapo hatajwi.

Sasa utaona mtego ulivyojifunga. Baba alianza kusimulia kwenye karakana yake. Mteja akileta friji anarudi na hadithi ya mbuzi. Ikamfikia mchungaji, mchungaji akapenda, akasema wazazi wengi wanalalamika kuhusu katuni na hawajui pa kuanzia. Basi ikapangwa siku ya wazazi, ni kesho. Familia yetu itakaa mbele, kama tunavyokaa sebuleni, na filamu ya mbuzi itaonyeshwa ukutani kwa projekta. Baba atashika rimoti. Mimi nitageuza maneno kwa kipaza sauti. Pale darajani atasimamisha, na hapo ndipo somo lake lote lilipo.

Kanisani kuna vijana ninaosoma nao. Kuna mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye siku za kazi anafundisha Kiingereza sekondari na husahihisha hata matangazo ya mchungaji. Watasikia mbuzi anazungumza habari za kamba zilizooza, na mimi nasema mambo ya upendo. Watacheka, na kwao kicheko hakitachelewa. Nikigeuza kweli, baba atabaki amesimama mbele ya watu na rimoti mkononi, akisubiri sentensi ambayo haiji.

Nimejaribu kutoka, usidhani nimekaa tu. Nilimwambia ile ya fisi maji ina mafundisho zaidi. Akasema, "Hapana Mkalimani wangu, ni ya mbuzi." Nilimwambia naogopa kipaza sauti. Akasema atasimama karibu nami kiasi kwamba nikianguka nitamwangukia yeye. Nikaifuta filamu kwenye flashi. Mwenye duka aliposikia ni kazi ya kanisa akaiweka tena bure, tena kwa picha safi zaidi na sauti kubwa. Nimeomba niugue. Mama akaniwekea kipimajoto kwapani, akakisoma, akanirudishia blanketi langu la kujisingizia. "Homa ya kipaza sauti," akasema. "Hiyo haina dawa, inapita yenyewe."

Nilitaka kumwambia mama siku ile. Nilishaanza, nikasema, "Mama, zile katuni." Alikuwa anavua viatu vya kazi, miguu imevimba. Akadhani nataka kujitoa. Akaniambia nisimwangushe baba yangu, kwamba mimi sijui miaka aliyokaa naye bila kujua anawaza nini. "Tangu hizo katuni zenu nimeolewa upya," akasema, akacheka peke yake, akaenda kulala. Ningemwambia nini baada ya hapo?

Anayejua ni Kifutio. Hakuambiwa, amegundua. Mwaka huu amehamia darasa la Kiingereza, na juzijuzi nimegundua anacheka kabla sijageuza. Wiki iliyopita tukiwa mezani akasema, mdomo umejaa, "Lakini yule konokono hakusema..." Nikamkanyaga. Baadaye akanifuata huku chumbani, akakaa juu ya friza, akaniuliza, "Kwa nini unasema uongo na tunaomba kabla?" Nikamwambia ni tafsiri, kuna mambo hataelewa. Akasema, "Mimi naelewa. Unampa baba maneno yako, halafu unajifanya si wewe." Kisha akaniomba nusu ya mkate wangu kila asubuhi ili anyamaze, na mimi natoa. Ana miaka minane na ameshika rimoti yangu.

Lakini bado sijakuambia lililo baya kuliko yote, ambalo kwa sura ni zuri.

Jumatano nilikwenda karakana kumshikia baba tochi, alikuwa amelala chini ya friji la bucha akitafuta pale gesi inapovuja. Akaanza kuzungumza akiwa kule chini, nilikuwa naona miguu yake tu. Akasema amefikiri sana kuhusu yule mbuzi baba. Akasema kila akiangalia pale anamwonea hasira, halafu anajiona yeye. "Jumamosi, pale darajani," akasema, "nikisimamisha sitauliza maswali. Nitamjibu yule mtoto. Nitageuka nikujibu wewe. Mbele ya watu, kwa sababu na siku ile ulinyamaza mbele ya watu nikakuacha ukarudi nyuma yangu." Kisha akasema, "Sogeza tochi kulia." Nikasogeza. Mwanga ulikuwa unacheza ukutani, akauliza kama nimechoka.

Umeona, Shangazi? Kitu ambacho nimekitaka tangu nikiwa mdogo kuliko Kifutio kinakuja kesho, na kimejengwa juu ya mdomo wa mbuzi aliyekuwa anazungumzia daraja. Nikinyamaza, labda nitakipata. Labda mwalimu wa Kiingereza atakuwa hakusikia vizuri, labda vijana watakuwa wanachezea simu. Baba atanigeukia na atasema. Na mimi nitasimama pale nikijua kwamba neno zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na baba nilimwibia. Nikimwambia leo, atafikiri nini kuhusu ile chai? Kuhusu vyombo, kuhusu waya, kuhusu Mungu aliyemsikia kwenye sebule yetu? Mtu aliyefungua moyo kwa shida namna ile akiambiwa alidanganywa, si ataufunga na kutia kufuli?

Nimejiuliza swali lake la tatu, Mungu yuko wapi hapa. Sijapata jibu la kumpendeza mwalimu wa shule ya Jumapili. Ninachokijua ni kwamba ukiniuliza swali la kwanza, nani hapa amesema kweli, jibu linanitisha. Yale maneno ya mbuzi yalikuwa kweli. Kila neno. Uongo ulikuwa ni kusema kwamba ni ya mbuzi.

Barua hii itakufikia mambo yakiwa yameshapita, kwa hiyo sikuombi ushauri. Nilitaka tu kuwe na mtu mmoja ambaye ameijua habari hii kabla haijatokea, na ambaye alimjua baba kabla hajawa baba. Ukinijibu, niambie kama alipokuwa mdogo aliwahi kusema jambo na asisikilizwe. Naona kama ndivyo. Sina uhakika.

Wasalimie wote. Mwambie Anko Dereva kofia aliyoniachia bado ninayo. Wabusu mapacha, wa dirishani na asiye wa dirishani. Msalimie bibi jirani yako anayenifundisha kufuma kwa maelekezo ya barua tu, mwambie nimefika kwenye mkono wa sweta na nimekwama. Mama angekusalimu, ila yuko kazini tangu mchana, amebadilishana zamu ili kesho awepo. Kifutio naye angekusalimu lakini yuko kwa jirani, na salamu zake siku hizi zina bei.

Geti limelia.

Ni baba. Amewahi, kama alivyosema asubuhi, ili tufanye mazoezi kabla jua halijazama. Nazijua hatua zake, soli ya kiatu chake cha kushoto imeachia, inapiga sakafu baada ya mguu. Ameingia jikoni. Anakunywa maji. Nyumba nzima leo ni mimi na yeye.

Shangazi, naificha karatasi hii chini ya godoro, lakini si kwa kuogopa ataisoma. Dakika hii hii nimefikiria kuiacha hapa juu ya friza, imefunguka, nitoke nikaanue nguo, aikute mwenyewe. Ingekuwa rahisi sana. Ila ningekuwa nimetafuta tena mdomo mwingine wa kunisemea. Nataka alisikie jambo hili kwangu, kwa sauti yoyote itakayotoka, hata ikitoka mbovu. Akishasikia, aamue mwenyewe kesho atasimama na nini. Na kama bado atataka kunijibu, ajue anamjibu nani.

Bwana akushike mgongo wako na akulinde barabarani uendapo kazini na urudipo. Ameingia kwenye korido, nasikia anajibana kati ya mafriji. Kalamu naiweka chini.

Wako akupendaye,
Kimya.